Barua Niliyoipiga Pasi

Ekerenyo, Jumamosi, baada ya kanisa

Moraa binti yangu,

Barua zote nilizofundishwa kuandika huanza kwa kuuliza hali ya mwenzako. Hali yako naijua. Sasa hivi umepita hapa mlangoni na mama yako, mmejifunika magunia kichwani kwa ajili ya mvua, mnakwenda kumuaga shangazi yako, na kicheko chako nimekisikia mpaka mlipoishia kwenye migomba ya jirani. Kwa hiyo salamu tuziache. Nina saa moja, labda na nusu, kabla hamjarudi, na nina jambo moja la kukuambia kabla hujapanda basi la Kisumu kesho asubuhi.

Jambo lenyewe ni hili. Barua yako ya kuitwa hospitalini kujifunza uuguzi haikuchelewa posta. Niliificha mimi. Niliificha majuma matatu kazini kwangu, chini ya blanketi la meza ya kupigia pasi, na kila siku nilipiga nguo za watu pasi juu yake. Ijumaa tatu nilirudi nyumbani, ukanipokea mfuko, ukaniuliza, "Baba, posta hakuna kitu?" nami nikakujibu, "Hakuna, mama." Ijumaa ya nne nikakupa, nikasema barua za hospitali ndivyo zilivyo, huchelewa. Ndani imeandikwa ujibu kabla ya mwisho wa mwezi, na zilikuwa zimebaki siku sita tu. Siku sita, Moraa. Ningechelewa juma moja zaidi, nafasi yako angepewa mtoto wa mtu mwingine.

Sasa umejua. Barua hii nitakupa leo kabla ya chakula. Ukitaka kuitia motoni bila kuimaliza, jiko liko pale, na sitakulaumu.

Kama bado unasoma, asante. Naandika Kiswahili ingawa humu ndani hatukisemi ila mgeni akija. Kwanza ndicho nilichofundishwa kuandikia. Pili, kwa Ekegusii maneno haya yangenishinda. Unazijua chinsoni zetu, ile haya ya heshima iliyo kati ya mzazi na mtoto, inayonizuia mimi kuketi kitandani kwako na wewe kuketi kwangu, na inayomfunga baba mdomo pale hasa anapotaka kusema. Mgusii hamwombi mtoto wake radhi. Lakini Kiswahili hakijui mimi ni baba wa nani, kwa hiyo nimepita nacho mlango wa nyuma.

Habari za safari na za kukaa na watu, mama yako amezisema tangu Jumatatu na bado hajamaliza. Usiazime mtu kitana. Usimkabidhi mtu usiyemjua sanduku lako, hata akisema anasali. Yote ni kweli, nami sitaongeza hata moja. Ninalotaka ujue ni kwa nini mtu aliyekulea kwa kazi ya kufua mashuka ya wazee ndiye aliyeogopa binti yake kwenda kuwauguza watu.

Nilifika Kisii kabla ya vita, kijana wa darasa la nne mwenye suruali moja, nikitafuta kazi ya ukarani. Wakati huo kila kijana wa darasa la nne alitafuta kazi ya ukarani. Mtu akaniambia wanataka watu pale Nyumba ya Wazee, ile iliyo mlimani nje ya mji. Mimi nikadhani ni baraza la wazee wa kuamua kesi, nikapanda mlima nimenyoosha shingo. Kumbe ni wazee wa Kizungu! Wajane wa masetla kutoka Sotik, mapadre waliochoka, mwalimu mmoja ambaye alikuwa hasikii kitu. Walikaa katika vijumba kumi na viwili vilivyoizunguka bustani, wakala pamoja, wakacheza karata pamoja, wakagombana pamoja.

Aliyenipokea ni Odera. Wewe unamjua akiwa mzee wa mvi anayekuletea samaki wa kukausha, lakini siku ile alikuwa na kifua kipana kama mlango, amesimama katikati ya mvuke kwenye chumba cha dobi, anaimba.

"Karani iko moja, inatosha," akaniambia. "Mimi nataka mtu ya kufua. Wewe najua kufua?"

"Najua," nikasema. Nyumbani nilikuwa sijafua hata leso.

"Hawa wazee, watoto wao wako wapi?" nikamwuliza.

"Ng'ambo."

"Na wajukuu?"

"Ng'ambo. Wewe ndiyo mjukuu sasa. Shika sabuni."

Nataka nikuambie ukweli kuhusu kazi ile kabla sijafika kwenye aibu yangu: ilikuwa na raha. Watu wanaona dobi ana mikono iliyokunjamana, wanamhurumia. Hawajui jinsi inavyopendeza kuchukua shuka limechafuka asubuhi na kulikunja jeupe jioni. Kazi ngapi duniani zinakuonyesha mwisho wake siku iyo hiyo? Na kulikuwa na vita vyetu na mvua. Unaijua mvua ya Kisii, haina adabu, ikifika saa nane inaingia bila hodi. Odera alikuwa akiutazama mlima wa Manga tangu saa sita. Akiona wingu limekaa juu yake anapiga kelele, "Manga amevaa kofia!" na hapo hapo kila mtu anaacha alilokuwa nalo. Mpishi anatoka na mwiko, mtunza bustani anatupa jembe, sote mbio kwenye kamba kuanua nguo. Siku moja nilimwona padre mmoja wa miaka themanini na kitu anakuja anachechemea na fimbo yake, akavuta suruali yake ya kulalia kutoka kwenye kamba na kuondoka nayo chini ya koti kama mtu aliyeiba kuku. Tulicheka mpaka tukaketi chini, naye akacheka zaidi yetu.

Na makosa nilifanya ya kutosha. Juma la pili nilitumwa kupeleka vitambaa vya meza kwenye ukumbi wa chakula, manyunyu yakaanza njiani. Nikafanya ambavyo mtoto yeyote wa kwetu angefanya: nikakata majani ya mgomba, nikafunga mzigo vizuri kama unga wa wimbi unaopelekwa kwa wakwe. Nikajisifu. Vitambaa vilifika vikavu, na kila kimoja kina mistari ya utomvu. Wewe unajua utomvu wa mgomba ukiingia kwenye nguo nyeupe. Odera alivitazama akashika kichwa. "Mtoto ya Kisii," akasema, "hata ukipewa nguo ya malaika, wewe nafunga na jani ya ndizi." Vitambaa vile viko mpaka leo, tunapangusia pasi.

Hayo yalikuwa makosa ya kuchekwa. Lililokuwa kosa hasa lilianza Jumatatu ya kwanza, yalipoletwa magunia ya mashuka ya vitandani.

Nilikuwa sijalifikiria. Mashati sawa, vitambaa sawa. Lakini mashuka ya mtu mwenye umri wa mama yangu, aliyolalia, mengine yameloa! Nilirudi nyuma. Kwetu mtoto hagusi hata kile kigozi anacholalia mzazi wake. Akikipita anageuza uso. Na hawa walikuwa Wazungu, lakini mvi ni mvi. Odera alikuwa amekwenda kutafuta kuni. Nikachukua fimbo, nikayanyanyua mashuka moja moja, nimegeuza uso, nikayatumbukiza moja kwa moja kwenye sufuria kubwa ya maji yanayochemka, bila kuyagusa kwa kidole.

Dobi yeyote angekuambia matokeo. Doa la mwili wa mtu huanza na maji baridi, mkono na sabuni. Ukilipeleka kwenye moto kwanza linapikwa, linakaa maisha. Mashuka yalitoka na madoa ya rangi ya chai. Na kwa kuwa kila shuka lilitiwa alama ya uzi mwekundu ili lirudi kwa mwenyewe, kila mzee alirudishiwa aibu yake, imekunjwa na kupigwa pasi.

Odera alinikemea, nikasema sitarudia. Nikarudia. Akiwapo nilitumia mikono, akiondoka nilitumia fimbo. Mambo yakaenda hivyo karibu mwezi mzima.

Katika kijumba cha tatu alikuwapo mjane mmoja tuliyemwita Bibi Saa Kumi, kwa sababu chai yake ilikuwa saa kumi, na ikipita dakika tano anatoka nje kuitafuta. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye mgongo ulionyooka. Nikaanza kuona kwamba gunia lake halina shuka tena. Foronya zipo, gauni la kulalia lipo, shuka hakuna. Nikafurahi, nikaona Mungu amenipunguzia mzigo. Ndivyo nilivyokuwa, Moraa, na sikufichi.

Asubuhi moja nilipita nyuma ya vijumba kuchukua kamba, nikamkuta kwenye bomba la bustani. Amekunja mikono ya gauni, amepiga magoti kwenye matope mekundu, analifua shuka lake mwenyewe ndani ya beseni la kunawia uso. Alikuwa hana nguvu ya kulinyanyua likiwa limejaa maji. Akilivuta, linamrudisha chini. Aliponiona alilifunika lile beseni kwa aproni yake, kama msichana aliyekutwa anaoga mtoni.

Nikamwona mama yangu. Sisemi alifanana naye. Mama yangu, uliyepewa jina lake, alikuwa mrefu na mweusi na angecheka kuambiwa anafanana na mjane wa setla. Lakini ile haya usoni ilikuwa ni yake kabisa. Nikaelewa pale pale, nimesimama na kamba begani, kwamba nimezishika chinsoni kwa ncha isiyo yake. Wazee wetu hawakuziweka ili kijana abaki na mikono safi. Waliziweka ili mkubwa asiaibike. Mimi nilikuwa nimejilinda, na kumwacha mwanamke wa umri ule kwenye matope.

Nikashika upande mmoja wa shuka. Yeye akanitazama, kisha kwa Kiswahili chake kile akasema, "Wewe kamata hapa. Mimi kamata hapa. Zungusha." Tukalikamua. Mimi niligeuza uso nikatazama ua wa miiba wa kei, yeye akageuza wake akautazama mlima wa Manga, shuka likawa katikati yetu likitoa maji. Hakuna aliyemwona mwenzake. Tulipomaliza akasema, "Wewe, pole pole sana. Lakini nguvu iko." Akaingia ndani kungoja chai.

Tangu siku ile mashuka yote ya nyumba ile yalipita mikononi mwangu, maji baridi kwanza. Nikajifunza kugeuza macho bila kugeuza mkono. Hiyo ndiyo elimu yangu yote; darasa la tano sikulifika. Nikaongeza na mengine ambayo sikuagizwa. Baridi ya kule unaijua, basi nikawa natafuta mawe laini ya kuchonga kutoka Tabaka, nayapasha kwenye jiko la pasi, nayafunga kwenye flaneli, na jioni nampelekea kila mzee jiwe la kuwekea miguu. Yule mwalimu asiyesikia alilipa jiwe lake jina la mbwa wake wa zamani.

Habari zikafika nyumbani, zikatangulia mbele yangu. Mogaka anafua vitanda vya wazee! Babu yako alinitaka nioshwe kwa dawa kabla sijaingia uani. Mchungaji akakataa dawa, akashauri maombi. Nikakaa nje ya lango siku nzima wao wakibishana nani anisafishe. Na mimi ndiye niliyekuwa msafi kuliko wote, nimetoka kwenye sabuni.

Mama yako ndiye aliyenitoa kwenye aibu ile. Tulikuwa tumeanza kusemeshana sokoni Ikonge, na kaka zake wakamwambia amwache yule dobi wa vitanda. Yeye hakunifokea, hakulia. Aliniuliza swali moja tu. "Hayo mashuka, yanatoka meupe?"

"Meupe," nikasema.

"Basi mtu anayeweza hayo ataweza na nepi."

Nikaziweza. Zako nilizifua mimi nilipokuwa nyumbani, mwanamume mzima, pale kisimani mbele ya wanawake wote wa Ekerenyo. Waliimba wimbo juu yangu, nami nikawa nawaitikia kiitikio.

Sasa unaona ubaya wangu ulivyo mkubwa. Mtu mwingine angeificha barua yako ningesema hajui. Mimi nilijua yote haya.

Nitakueleza ilivyokuwa, bila kujitetea. Mwezi ule ulipokwenda kufanya mtihani wa kuingia, nilikuwa sokoni Ikonge. Watu wawili wa kanisa letu, watu wazuri, siwataji, wakaniuliza kama ni kweli binti yangu anakwenda kusomea kuogesha wanaume wazima, wenye umri wa babaye. Mmoja akasema, "Baba anafua vitanda, mtoto anafua walalaji!" Wakacheka. Nami nikacheka, Moraa. Nilicheka pamoja nao. Sijui kicheko kile kilitoka wapi, lakini kilikuwa changu, na kila nikikikumbuka nataka kujipiga kofi. Nilipita miaka yote ile bila kuinama, kisha nikainama sokoni kwa ajili ya mzaha wa watu wawili.

Basi karani wa Nyumba ya Wazee, ambaye barua zetu hupitia sanduku lake la posta, aliponipa bahasha, na nikaona imetoka Kisumu, mkono wangu ukanyanyua blanketi la meza ukaiweka chini yake. Nikajiambia ni kwa siku moja, nitafakari. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi niliipata ndefu. Kila siku niliongeza hatua.

Na chini ya hofu ya maneno ya watu kulikuwa na jambo jingine, dogo na la kijinga, ambalo ndilo lenye nguvu. Sikutaka uende. Nilipenda kufika Ijumaa jua likizama na kukuona unakuja mbio kunipokea mfuko, na kuniuliza wazee wangu hawajambo, nani kafa, nani kashinda karata. Hakuna mtu mwingine katika nyumba hii anayeniuliza habari za kazi yangu. Ndugu zako wanauliza kama nimeleta mkate. Nilikupenda vibaya, kwa namna ya kukufungia.

Aliyeniokoa ni Odera. Mwezi ukikaribia kwisha blanketi la meza hufuliwa. Nilisahau. Alilivuta, barua yako ikaanguka mbele yetu sote wawili. Aliiokota akasoma jina la juu, taratibu, kwa sababu macho yake sasa ni ya kubahatisha. Nikangoja anitukane. Akaiweka juu ya rundo la nguo zilizokwisha, pale tunapoziweka zingoje wenyewe waje kuzichukua. Kisha akashika pasi yake akaendelea na wimbo wake alipoachia. Nilipiga mashati mawili pasi, sikumbuki ya nani. La tatu likanishinda. Nikaichukua barua, nikaitia mfukoni, na Ijumaa ile nikakupa.

Lakini hata hapo nilikupa pamoja na uongo. Wewe ukasema, "Asante, baba," ukakimbia kutafuta kalamu.

Nilikuwa nimefika hapa nilipomwona mama yako anaingia peke yake, amelowa, anasema wewe umebaki kwa shangazi mpaka mvua ipungue.

"Unaandika nini siku ya Sabato?" akaniuliza.

"Barua."

"Ya nani?"

"Ya Moraa."

"Moraa yuko hapo kwa dada yako. Huwezi kumwita?"

Nikafunika karatasi kwa mkono. Akaketi juu ya gunia la wimbi, akasema, "Haya, nisomee." Unajua yeye hasomi, na unajua akisema nisomee hakuna njia. Nikamsomea yote tangu juu, namgeuzia kwa Ekegusii, nimeinamisha kichwa nisimwone. Nilipofika kwenye blanketi la meza nikasikia sauti. Nilidhani analia. Moraa, mama yako alikuwa amejifunika kitenge usoni, anatetemeka kwa kicheko mpaka gunia likawa linamwaga wimbi.

"Mogaka," akasema alipopata pumzi, "wewe ni dobi wa siku nyingi. Barua gani inasafiri kutoka Kisumu ndani ya gunia la posta, halafu ifike imenyooka kama kola ya mchungaji?"

Kumbe ulijua. Ulijua Ijumaa ile ile, kabla hujaifungua. Anasema uliinusa ukasikia wanga wa nguo, ukasoma siku kwenye muhuri wa posta, ukahesabu kwa vidole, ukamwonyesha jikoni. Naye akataka kunijia juu pale pale, ukamshika mkono. Nikamwuliza ulisema nini.

"Alisema, 'Mama, usimwambie kitu. Baba ataniambia mwenyewe.'"

"Na kama nisingesema?"

Mama yako akaacha kucheka. "Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Basi nitangoja mpaka likizo.'"

Ametoka sasa kwenda kupika. Majuma haya yote ulikuwa unashona sare, unaimba, unanipokea mfuko vilevile, unaniuliza nani kashinda karata, na jambo hili unalo. Nilidhani ninakupeleka Kisumu ukajifunze kumtunza mtu mkubwa aliyejichafua. Sijui watakufundisha nini ambacho hujui. Nimefurahi mpaka naona haya, na nimeona haya mpaka nacheka peke yangu hapa mezani. Ndugu yako mdogo amechungulia mara mbili.

Nilitaka kuichana barua hii, maana haina habari mpya kwako. Nimeona niiache. Lakini kuandika hakutoshi, karatasi haina macho, nayo imenirahisishia. Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Kesho tutakapokuwa tumesimama barabarani na sanduku lako, mbele ya mama yako na shangazi yako na yeyote atakayekuwapo, hata wale watu wawili wa Ikonge wakipita, niulize barua yako ilikuwa wapi. Uliza kwa sauti. Usinionee huruma ukasema si kitu, baba, kwa sababu ni kitu. Niache nijibu kwa mdomo wangu, watu wasikie. Kisha panda upesi, mama yangu, maana basi halitakungoja, na mimi nimekwisha kukungojesha vya kutosha.

Ni mimi baba yako,
Mogaka